Takamwili na Mazao ya Tezi: Somo Kutoka Njia ya Misafara ya Tabora

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobebeshwa mzigo mkubwa kila inapozungumzwa habari ya mwili, nacho ni "kutoa". Mtu hutoa jasho, hutoa machozi, hutoa mate, hutoa mkojo, hutoa choo, na jeraha lake likichimba hutoa usaha. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna ubaya wowote, kwa kuwa msikilizaji huelewa. Lakini katika elimuviumbe kitenzi hicho hufunika tofauti kubwa. Baadhi ya vitu hivyo mwili umevitengeneza kwa makusudi ili vifanye kazi. Vingine mwili unavitupa kwa sababu vikibaki ndani vitaudhuru. Vingine tena havikupata kamwe kuwa sehemu ya mwili, bali vilipita tu.

Makala haya yanakusudia kueleza maana na matumizi ya neno "takamwili", na kulitenganisha na maneno mengine ambayo mara nyingi huchanganywa nalo. Mifano imechukuliwa kutoka Tabora na njia ya zamani ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe, hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Njia hiyo imechaguliwa kwa sababu magonjwa yake yanaonyesha waziwazi kwamba kutofautisha mate na takamwili si ubishi wa majina tu. Ni jambo linalogusa uhai wa watu.

Maana ya takamwili

Takamwili ni vitu vinavyobaki baada ya seli za mwili kufanya kazi yake, pamoja na vitu vilivyomo katika damu kwa kiasi kinachozidi mahitaji, ambavyo hapana budi viondolewe. Mfano ulio rahisi ni hewa ya ukaa. Seli huunguza sukari ili kupata nguvu, nayo hewa ya ukaa hubaki kama vile majivu yanavyobaki mekoni. Damu huichukua hadi kwenye mapafu, nayo hutoka kwa pumzi.

Mfano wa pili ni yurea. Mwili unapovunja protini hutokea amonia, ambayo ni sumu. Ini huigeuza amonia hiyo kuwa yurea, isiyo na madhara makubwa, na figo huiondoa katika mkojo. Figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu kwa siku moja, lakini karibu zote hurudishwa mwilini. Kinachobaki kuwa mkojo ni kama lita moja na nusu tu. Ndani yake mna yurea, chumvi zilizozidi, na maji yanayozibeba.

Hapa hutokea kosa la kwanza la matumizi. Watu wengi huhesabu kinyesi kuwa ndicho takamwili kuu. Kwa kweli sehemu kubwa ya kinyesi si takamwili. Ni mabaki ya chakula ambacho hakikumeng'enywa, pamoja na maji na bakteria wa utumbo. Chakula kilichomo utumboni bado kipo nje ya seli za mwili, kama vile mzigo unaopitishwa katika ua wa nyumba bila kuingizwa chumbani. Kwa hiyo kwenda haja kubwa na kutoa takamwili ni mambo mawili tofauti, hata kama lugha ya heshima huyaita yote "haja".

Mazao ya tezi

Kundi la pili ni vitu vinavyotengenezwa na tezi kwa ajili ya kazi maalumu. Makala haya yataviita "mazao ya tezi". Tezi huchukua malighafi kutoka katika damu, hutengeneza kitu kipya, kisha hukitoa mahali kinapohitajika. Mate ni zao la tezi. Mtu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate, nazo hutoa umajimaji unaolainisha chakula na wenye kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga. Maziwa ya mama, machozi, ute wa puani na homoni, zote ni mazao ya tezi.

Wasomaji wa Tabora wanao mfano mzuri uliomo katika biashara yao ya miaka mingi, yaani asali na nta. Nyuki mtenda kazi ana jozi nne za tezi chini ya tumbo lake. Tezi hizo hutoa nta katika vipande vidogo vyembamba, ambavyo nyuki huvitafuna na kuvijengea masega. Basi nta ni zao la tezi kwa maana kamili. Asali sivyo. Asali huanza kuwa maji matamu ya maua, ambayo nyuki huyabeba, huyachanganya na vimeng'enya vya tezi zake, kisha huyapunguza maji ndani ya mzinga. Tezi zimeibadili asali, lakini hazikuizaa. Mrina asali akitoka porini na ndoo yake amebeba vitu viwili vyenye asili tofauti, ingawa vyote vimetoka katika mzinga mmoja.

Vitu vyenye sura mbili

Mwanafunzi asidhani kwamba kila kitu huangukia upande mmoja tu. Nyongo hutengenezwa na ini ili kusaidia kumeng'enya mafuta, kwa hiyo ni zao la tezi. Lakini rangi yake inatokana na mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizochakaa, na mabaki hayo ni takamwili. Ni rangi hiyohiyo, ikiisha kubadilika utumboni, inayokipa kinyesi rangi yake. Kwa hiyo kinyesi nacho hubeba takamwili kidogo. Jasho hutolewa na tezi za ngozi kwa kazi ya kuupoza mwili, na hapohapo hubeba chumvi na yurea kidogo.

Kutokana na mifano hiyo tunapata kanuni moja. Kitu cha mwili kisipewe jina kwa kutazama tundu kinamotokea, wala kwa jina la kiungo kilichokitoa, bali kwa kutazama kazi yake. Swali la kuuliza ni hili: mwili umekitengeneza ili kifanye nini, au umekitoa ili uepukane na nini?

Maneno ya zamani na maana mpya

Kabla ya elimu ya seli, watu wa pwani walikuwa na mpango wao wa kuvitaja vitu vya mwili, uliotokana na tiba ya Wayunani iliyoendelezwa na waganga wa Kiislamu kama Ibn Sina. Katika mpango huo afya ilikuwa ni uwiano wa vitu vinne: damu, balghamu, nyongo ya manjano, na nyongo nyeusi. Neno la Kiarabu la nyongo ya manjano ndilo asili ya neno letu "safura". Leo safura imekuwa jina la ugonjwa wa kupungukiwa damu unaoletwa na minyoo ya ndoano, wala haina uhusiano tena na nyongo. Balghamu nayo imebaki kuwa makohozi mazito tu.

Maneno hayo yalisafiri na wafanyabiashara wa pwani waliofanya makazi Tabora katikati ya karne ya 19. Historia yake inafundisha kwamba jina la kitu cha mwili huweza kuhama likaenda mahali pengine kabisa. Kwa sababu hiyo haitoshi kulikariri neno "takamwili". Lazima maana yake ishikwe, la sivyo nalo litahama.

Tone la mate lililowabebesha watu mizigo

Sasa tuingie katika njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa kiasi cha kilomita 1,200. Katika karne ya 19 pembe za ndovu, vitambaa, shanga na waya za shaba zilibebwa kwa mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi katika kazi hiyo. Watumwa nao walipitishwa humohumo. Mtu wa leo huweza kuuliza kwa nini magari ya kukokotwa na ng'ombe hayakutumika, kama yalivyotumika kusini mwa Afrika.

Jaribio lilifanyika. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society waliokuwa wakielekea Ujiji waliondoka pwani na magari ya ng'ombe. Ng'ombe walikufa kwa wingi njiani, na mpango huo ukaachwa. Sababu moja kubwa ilikuwa ndorobo wa misitu ya miombo, ambao huambukiza wanyama nagana na kuwaambukiza watu malale.

Ugonjwa huo hupitia kitu gani cha mwili wa ndorobo? Hupitia mate. Ndorobo anapouma huingiza mate yake ndani ya jeraha ili damu isigande wakati anaponyonya. Hilo ni zao la tezi lenye kazi maalumu. Vimelea viitwavyo tripanosoma huingia kwa ndorobo pamoja na damu ya mnyama mgonjwa. Vile vya malale hukua kwanza utumboni, kisha husafiri hadi kwenye tezi za mate, na huko ndiko hukomaa. Safari hiyo huchukua kiasi cha wiki tatu au zaidi. Mwaka 1909 Friedrich Kleine, akifanya utafiti katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alithibitisha kwamba vimelea hupitia ukuaji ndani ya ndorobo kabla ya kuweza kuambukiza. Baadaye kidogo Muriel Robertson, huko Uganda, alieleza kwa makini njia vinayoifuata hadi kwenye tezi za mate.

Ndorobo wenye vimelea vya malale katika tezi zao ni wachache sana, mara nyingi chini ya mmoja katika mia. Hata hivyo katika safari ya miezi mitatu mtu au mnyama huumwa mara nyingi mno. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mzigo uliondoka mabegani mwa wapagazi, maana gari moshi halina damu ya kunyonywa.

Maji ya papasi

Mfano wa ndorobo ni rahisi kwa sababu kitu kinachohusika ni kimoja. Mfano wa papasi ni mgumu zaidi, na ndio unaoonyesha faida ya kulijua neno takamwili.

Papasi ni ndugu wa kupe, wa jamii iitwayo Ornithodoros. Hakai mwilini mwa mnyama kama kupe wa ng'ombe. Hukaa katika nyufa za sakafu ya udongo na za kuta, hutoka usiku, hunyonya damu ya mtu aliyelala kwa muda wa nusu saa hivi au zaidi, kisha hurudi mafichoni. Huweza kukaa miaka bila kula. Makambi ya misafara, ambamo wageni walilala usiku baada ya usiku katika vibanda vilevile, yalikuwa makao yake mazuri, na mikeka na mizigo ya wasafiri ilimchukua kutoka kambi hadi kambi.

Papasi huleta homa ya papasi. Mgonjwa hushikwa na homa kali kwa siku chache, hupata nafuu hata akadhani amepona, kisha homa humrudia, na huweza kurudi mara kadhaa. Hurudi kwa sababu bakteria wake hubadilisha sura ya nje, na kinga ya mwili iliyokwisha kuwatambua wa kwanza haiwatambui wa pili. Mwaka 1904 Philip Ross na Arthur Milne walieleza uhusiano wa kupe hao na homa hiyo huko Uganda. Mwaka 1905 Joseph Dutton na John Todd walithibitisha jambo hilohilo mashariki mwa Kongo. Dutton mwenyewe aliugua homa hiyo, na akafariki mwezi wa Februari mwaka huo huko Kasongo, mji wa Manyema uliokuwa kituo kikubwa cha misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika. Bakteria huyo, Borrelia duttonii, amepewa jina lake. Mwaka huohuo wa 1905 Robert Koch aliwachunguza papasi wa vibanda vya njia za misafara katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akawaona bakteria hata ndani ya mayai yao. Maana yake ni kwamba papasi huirithi homa kutoka kwa mama yake, na kibanda kilichoachwa bila watu kwa muda mrefu huweza bado kuwa cha hatari.

Basi bakteria hao hutoka kwa papasi kupitia kitu gani? Mtu angedhani ni mate tu, kama kwa ndorobo. Si hivyo. Papasi hunywa damu nyingi kuliko uzito wake mara kadhaa, na sehemu kubwa ya damu ni maji na chumvi asizozihitaji. Anavyo viungo viwili vidogo karibu na mashina ya miguu yake ya mbele. Viungo hivyo huchuja maji na chumvi zilizozidi, kama figo zinavyofanya, na papasi akiwa bado ananyonya, au mara tu anapomaliza, tone la maji safi hudondoka juu ya ngozi ya mtu. Tone hilo ni takamwili. Nalo huweza kujaa bakteria, ambao huingia mwilini kupitia tundu la kuumwa, mikwaruzo, na hata ngozi laini.

Mwaka 1951 Willy Burgdorfer, huko Basel, Uswisi, alionyesha kwamba papasi wachanga huambukiza hasa kwa mate, ilhali papasi wakubwa huambukiza hasa kwa maji hayo ya miguuni. Kitu cha kuzingatia ni kwamba vitabu vingi huviita viungo hivyo "tezi". Anayefuata jina la kiungo atayahesabu maji yake kuwa zao la tezi kama mate, na atakosea. Anayeuliza kazi yake atajua mara moja kwamba ni uchujaji wa vilivyozidi.

Tofauti hii ina matokeo. Mtu anayedhani kwamba hatari imo katika mdomo wa mdudu peke yake akimwondoa papasi hujiona amesalimika. Kumbe tone limekwisha kubaki juu ya ngozi, na kujikuna hulisugua ndani ya jeraha. Linalofaa ni kuosha mahali pale kwa maji na sabuni, na kuacha kujikuna.

Chawa na kinyesi chake

Mfano wa tatu unakamilisha somo. Chawa wa nguo huleta magonjwa mawili kwa njia mbili tofauti. Homa inayorudiarudia ya chawa husababishwa na bakteria wanaokaa zaidi katika damu ya chawa mwenyewe, ambao huachiliwa chawa anaposagwa kwa kucha. Homa ya taifasi nayo husababishwa na vijidudu vilivyomo katika kinyesi cha chawa, ambavyo mtu hujipaka mwenyewe anapojikuna. Taifasi ilizuka nchini Burundi katika miaka ya 1990 miongoni mwa watu waliohamishwa kwa vita, wakaugua makumi ya maelfu, mahali pasipo mbali na Ujiji ulikoishia msafara.

Hivyo wadudu na kupe wa njia moja wametupa vitu vinne: mate, ambayo ni zao la tezi, maji ya miguuni, ambayo ni takamwili, damu, ambayo ni sehemu ya mwili wenyewe, na kinyesi, ambacho ni mabaki ya chakula. Ukivitaja vyote kwa maneno "uchafu wa mdudu", umewafungia watu njia ya kujikinga.

Matumizi sahihi na manufaa yake

Homa ya papasi haijawa hadithi ya kale. Mvumi, mkoani Dodoma, ambayo ilikuwa kituo cha misafara katika Ugogo, ina hospitali ambayo tafiti zake za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba ugonjwa huo huwadhuru mno watoto wachanga. Kwa wajawazito huweza kuharibu mimba. Dalili zake hufanana na za malaria, na dawa za malaria haziuponyi, ilhali dawa za antibiotiki huuponya. Ndiyo maana mgonjwa mwenye homa inayoondoka na kurudi apimwe damu wakati homa imepanda, kwa sababu bakteria huonekana zaidi katika damu wakati huo. Sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa lipu bila nyufa, na kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta ni kinga ya kweli.

Mwalimu wa elimuviumbe afuate matumizi haya. Neno "takamwili" litumike kwa masalio ya kazi ya seli na kwa vilivyozidi katika damu. "Zao la tezi" litumike kwa kitu kilichotengenezwa kwa kazi maalumu. "Kinyesi" kibaki kuwa mabaki ya chakula. Kitenzi "kutoa" kiendelee kutumika, lakini kisiachwe peke yake: isemwe tezi za mate hutoa mate, na figo huondoa takamwili. Kitenzi "kuondoa" kinamkumbusha mwanafunzi kwamba mwili unaepukana na kitu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini hewa ya ukaa ni takamwili, lakini maganda ya nafaka yaliyomo katika kinyesi si takamwili?

2. Nta na asali hutoka katika mzinga mmoja. Ipi ni zao la tezi kwa maana kamili, na kwa nini?

3. Eleza sura mbili za nyongo.

4. Mtu ameumwa na papasi mkubwa, akamuua na kulala tena bila kuosha ngozi. Kwa kutumia neno takamwili, eleza kwa nini hajasalimika.